Namba ya Jana Huzaa ya Leo: Namna ya Kutafuta Kanuni Rejeshi

Tuseme karani wa duara moja, yaani shimo la kuchimba dhahabu, kule Nyarugusu, mkoani Geita, amepatana hivi na vijana wa kuchimba: mita ya kwanza shilingi 40,000, na kila mita inayofuata inapanda kwa 15,000. Sababu inaeleweka. Kadiri mnavyoshuka, mwamba unakaza, kamba inarefuka, hewa inakuwa nzito na matimba, yaani miti ya kuegemeza kuta, yanahitajika mengi zaidi. Bei hizi ni za mfano tu. Mapatano ya kwenu mnayajua wenyewe. Daftari la karani linasomeka: 40,000, 55,000, 70,000, 85,000.

Muulize mita ya tano italipwa ngapi. Hataumiza kichwa. Atatazama mstari wa mwisho, ataongeza 15,000, ataandika 100,000. Hapo ametumia kanuni rejeshi, yaani kanuni inayokupa namba unayoitaka kwa kuirejea ile iliyoitangulia. Kwa maandishi ya hisabati ni hivi:

D(1) = 40,000
D(n) = D(n − 1) + 15,000

Herufi n ni nafasi ya mita, ya kwanza, ya pili, ya tatu kwenda chini. D(n) ni malipo ya mita hiyo, na D(n − 1) ni malipo ya mita iliyo juu yake. Mistari yote miwili ni ya lazima. Duara la jirani likianza na 60,000, mstari wa pili unabaki vilevile lakini daftari zima linakuwa jingine. Mwanafunzi anayeandika mstari wa pili peke yake kwenye mtihani amejibu nusu ya swali, na mwalimu akimnyima alama asilalamike.

Ipo pia kanuni ya moja kwa moja: D(n) = 40,000 + 15,000 × (n − 1). Hii inakurusha hadi mita ya 60 bila kupita njiani. Ni nzuri ukiipata, lakini mara nyingi haipatikani kirahisi, na hata ikipatikana, kwa kawaida rejeshi ndiyo iliyotangulia kuonekana. Kwa hiyo tuanze na rejeshi.

Uliza kumetokea nini

Watu wengi wakipewa safu ya namba huzikodolea macho namba zenyewe. Afadhali utafute tukio lililo katikati. Kati ya mita ya tatu na ya nne kumetokea nini? Kati ya salio la Machi na salio la Aprili kumetokea nini? Ukilijua tukio hilo, kanuni huitafuti tena. Unaiandika tu, kama karani anavyoandika taarifa ya siku.

Chukua swali la mwenye duara, ambaye hajali sana bei ya mita moja moja. Anataka kujua hadi mita ya kumi atakuwa ametoa jumla kiasi gani. Jiulize jumla ya leo imetokana na nini. Imetokana na jumla ya jana pamoja na malipo ya mita ya leo:

J(1) = 40,000
J(n) = J(n − 1) + D(n)

Ukishuka nayo hatua kwa hatua unapata 40,000, 95,000, 165,000, 250,000, 350,000, 465,000, 595,000, na kuendelea hadi mita ya kumi ambayo peke yake inalipwa 175,000 na kufikisha jumla 1,075,000. Aliyeingia na mtaji wa 600,000 anaona mapema kwamba atafika mita ya saba akiwa na 5,000 mfukoni, na mita ya nane inataka 145,000. Afadhali ajue hivyo kabla ya kuajiri watu.

Ukipewa namba tupu

Mtihani haukupi hadithi. Unakupa 3, 7, 13, 21, 31 na nafasi ya kujazia. Hapo inabidi ulitafute tukio kwa kupapasa, na kupapasa kuna utaratibu wake.

Anza kwa kutoa: 7 − 3, 13 − 7, na kuendelea. Unapata 4, 6, 8, 10. Tofauti zingekuwa sawa ungekuwa umemaliza, kama kwenye malipo ya mita. Hapa hazilingani, ila zinapanda kwa 2 kila mara, kwa hiyo zina mpangilio. Sasa zifungamanishe na nafasi: tofauti inayokufikisha kwenye namba ya pili ni 4, ya tatu ni 6, ya nne ni 8. Ni nafasi mara mbili. Basi:

a(1) = 3
a(n) = a(n − 1) + 2n

Pahali pa kuteleza ni hapo kwenye nafasi. Ukihesabu nafasi ya namba unayotoka badala ya ile unayoiendea, utaandika kitu kingine na kitaonekana sahihi hadi ukijaribu. Jaribu mara moja: weka n = 2, upate 3 + 4 = 7. Sawa. Weka n = 5, upate 21 + 10 = 31. Sawa.

Tofauti zikigoma, gawanya. Mfano wake uko kwenye marudio. Mawe yakishapita kwenye karasha, yakasagwa na kuoshwa kwa zebaki, mchanga unaobaki, ndio marudio, bado una dhahabu, na mara nyingine ni nyingi kuliko ile iliyopatikana mwaloni, pale pa kuoshea. Ndiyo maana kuna watu wanaonunua marudio na kuyachenjua kwa sayanaidi. Tuseme rundo lina gramu 80, na kila mzunguko wa kuchenjua unatoa asilimia 40 ya dhahabu iliyomo. Gramu zinazobaki kwenye rundo ni 80, 48, 28.8, 17.28. Ukitoa hupati kitu cha kushika. Ukigawanya kila namba kwa iliyoitangulia unapata 0.6, 0.6, 0.6. Kanuni ni M(1) = 80 na M(n) = 0.6 × M(n − 1). Angalia ni 0.6, siyo 0.4. Kanuni hii inafuata kinachobaki, kilichotoka kimeshakwenda.

Kutoa na kugawanya kukigoma vyote viwili, usikate tamaa mapema, kwa sababu hapa ndipo panapoanza utamu.

Kutoa kisha kugawanya

Rundo la kweli haliishi vizuri namna ile. Namba zake zinafanana zaidi na hizi: 80, 50, 32, 21.2. Ukigawanya unapata 0.625, 0.64, kisha 0.6625, yaani hakuna uwiano mmoja. Ukitoa unapata −30, −18, −10.8, nazo hazilingani. Lakini zigawanye hizo tofauti zenyewe: 18 kwa 30 ni 0.6, na 10.8 kwa 18 ni 0.6. Umelipata. Tofauti zikiwa na uwiano mmoja, kanuni ina sura hii: zidisha ya jana kwa uwiano huo, kisha ongeza kiasi fulani kisichobadilika. Kiasi chenyewe unakipata kwa hatua moja: 0.6 × 80 ni 48, na tunataka 50, basi ni 2.

M(1) = 80
M(n) = 0.6 × M(n − 1) + 2

Jaribu kwa namba ambayo hukuitumia: 0.6 × 32 + 2 = 21.2. Sawa.

Hiyo 2 inatoka wapi, wakati hakuna anayeongeza dhahabu kwenye rundo? Tafuta namba ambayo ukiipitisha kwenye kanuni inarudi ilivyo: x = 0.6x + 2, kwa hiyo x = 5. Hizo gramu 5 ni dhahabu ambayo sayanaidi haiifikii hata urudie mara ngapi, kwa kuwa imefungiwa ndani ya madini mengine, hasa salfaidi. Kinachopungua kwa asilimia 40 ni ile iliyo juu ya gramu 5. Jiwe la Bulyanhulu, wilayani Kahama, ni la namna hiyo ya salfaidi na shaba, ndiyo sababu mgodi ule ulikuwa ukitoa makinikia, yaani mchanga wa madini uliokolezwa, yale ambayo serikali iliyazuia kusafirishwa nje Machi 2017. Mwenye rundo akiijua 5 yake, anajua ni wakati gani wa kuacha kununua sayanaidi.

Mbinu hii ya kutoa kisha kugawanya ndiyo ningependa uishike kuliko zote, kwa sababu inafanya kazi kwenye jambo linaloumiza watu wengi kuliko marudio: mkopo.

Machimboni pesa inatangulia dhahabu. Kabla ya kiroba cha kwanza cha mawe kutoka, kuna chakula, kuna pampu ya maji, kuna miti ya matimba. Wengine wanakopa kwenye VICOBA, wengine wanaangukia kwenye mikopo ya riba kubwa, ile iitwayo kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji wadogo chini ya usimamizi wa Benki Kuu, lakini sheria haikai mezani kukusomea daftari. Daftari unalisoma mwenyewe.

Tuseme umekopa 600,000, unarejesha 150,000 kila mwezi, na umeambiwa riba ni “asilimia kumi tu”. Baada ya miezi mitatu masalio yako ni haya: 600,000, 570,000, 534,000, 490,800. Toa: deni limepungua kwa 30,000, kisha 36,000, kisha 43,200. Gawanya: 36,000 kwa 30,000 ni 1.2, na 43,200 kwa 36,000 ni 1.2. Kanuni ya deni lako ni:

B(0) = 600,000
B(n) = 1.2 × B(n − 1) − 150,000

Hiyo 1.2 maana yake salio linaongezewa asilimia 20 kila mwezi kabla marejesho yako hayajatolewa. Hizo kumi ulizoambiwa zilikuwa maneno.

Kwa nini inakubali? Andika miezi miwili mfululizo. B(1) ni r mara B(0), ukitoa marejesho. B(2) ni r mara B(1), ukitoa marejesho yaleyale. Toa mstari wa kwanza kwenye wa pili na marejesho yanafutika, inabaki B(2) − B(1) = r × (B(1) − B(0)). Ndiyo maana masalio matatu yanatosha kuifichua riba, hata usipojua mkopeshaji amepigaje hesabu zake. La nne ni la kuhakikishia.

Tafuta na hapa ile namba isiyosogea: x = 1.2x − 150,000, kwa hiyo x = 750,000. Kwa marejesho hayohayo, aliyekopa 750,000 atalipa 150,000 kila mwezi miaka na miaka, na deni litabaki 750,000. Aliyekopa 800,000 atalipa kwa uaminifu na deni litapanda. Namba hii ipigie hesabu kabla ya kuweka sahihi: gawanya marejesho kwa riba ya kipindi kimoja. Kama unachokopa kinaikaribia, ondoka.

Mbinu ina masharti. Vipindi viwe sawa, marejesho yawe sawa, na pasiwe na faini ya kuchelewa iliyoingizwa katikati. Marejesho yakiwa ya kila wiki, riba utakayoipata ni ya wiki. Na ukiona masalio yanapungua kwa kiasi kilekile kila mara, usishangilie kwamba hakuna riba. Yawezekana ilipigwa yote siku ya kwanza juu ya mkopo mzima, ikajumlishwa kwenye deni, na sasa unagawiwa vipande. Linganisha deni la mwanzo kwenye daftari na pesa uliyoipokea mkononi.

Kwenye kompyuta kazi yote hii ni ya dakika. Andika 600000 kwenye kisanduku A1, kwenye A2 andika =A1*1.2-150000, kisha buruta chini. Programu za majedwali zinafanya urejeshi bila wewe kujua jina lake.

Inaporudi nyuma zaidi ya hatua moja

Pesa ya dhahabu Usukumani haikai muda mrefu bila kugeuka ng'ombe, na ng'ombe wana urejeshi wao. Mwaka 1356 mwanahisabati wa India, Narayana Pandita, aliuliza swali ambalo mfugaji wa Kishapu angelielewa kabla halijamalizika: ng'ombe anazaa ndama jike mmoja kila mwaka, na kila ndama anaanza kuzaa akiingia mwaka wake wa nne. Kundi litakuwaje? Ukianza na ndama mmoja, kila mwaka unahesabu 1, 1, 1, 2, 3, 4, 6, 9, 13, 19.

Wanaozaliwa mwaka huu ni wangapi? Ni sawa na idadi ya waliofikia umri wa kuzaa, yaani wote waliokuwepo miaka mitatu iliyopita. Basi:

a(1) = a(2) = a(3) = 1
a(n) = a(n − 1) + a(n − 3)

Vianzio sasa ni vitatu, kwa sababu kanuni inarudi nyuma hatua tatu, na ukimpa mtu kimoja tu hana pa kushika. Hesabu haina ukame wala ndigana, kwa hiyo usiiendee benki nayo.

Kama hukuambiwa habari ya ng'ombe, ungeigunduaje? Toa tena. Tofauti ni 0, 0, 1, 1, 1, 2, 3, 4, 6. Zitazame vizuri: ni mfuatano uleule umeanza kwa kuchelewa. Kila ukiona tofauti zinafanana na mfuatano wenyewe, hesabu umechelewa hatua ngapi na kanuni iko mkononi. Sungura wa Fibonacci, mwanahisabati wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1202, ni jamaa wa ng'ombe hawa, ila wao wanarudi nyuma hatua mbili.

Kuna wakati tofauti hazifanani na chochote. Hapo weka kanuni yenye herufi mbili zisizojulikana, a(n) = p × a(n − 1) + q × a(n − 2), na utumie namba nne za mwanzo. Kwa 1, 2, 8, 28, 100: 8 = 2p + q, na 28 = 8p + 2q. Unapata p = 3, q = 2. Namba ya tano ndiyo shahidi: 3 × 28 + 2 × 8 = 100. Bila shahidi usiandike jibu, maana herufi mbili zina uwezo wa kukubaliana na karibu namba nne zozote.

Safu isiyo na kanuni

Duara limetoa gramu 10 wiki ya kwanza, 20 ya pili, 40 ya tatu. Mtu anakuja kukuuzia shea akikuambia wiki ijayo ni 80. Kazidisha kwa 2, na mwanafunzi yeyote angefanya vilevile. Lakini rudi kwenye swali letu: kati ya wiki na wiki kumetokea nini? Gramu za wiki hii hazikuzalishwa na za wiki iliyopita. Zimetokana na kipande cha mwamba kilichofikiwa, na mwamba haukumbuki ulikupa nini juzi. Deni linakumbuka, kundi la ng'ombe linakumbuka, rundo la marudio linakumbuka. Mauzo kwenye soko la madini nayo hayakumbuki: mrabaha unakatwa kwenye thamani ya mzigo wa siku hiyo, na mzigo wa jana hauna la kusema.

Hata pale penye kanuni ya kweli, namba chache zinadanganya. Chora mduara, weka alama mbili ukingoni, ziunganishe kwa mstari: umepata vipande viwili. Alama tatu zote zikiunganishwa, vinne. Alama nne, vinane. Tano, kumi na sita. Alama moja haina mstari, kwa hiyo ni kipande kimoja. Safu ni 1, 2, 4, 8, 16, na kila mtu yuko tayari kuapa kwamba inayofuata ni 32. Chora alama sita, ukihakikisha mistari mitatu haikutani mahali pamoja, kisha hesabu kwa subira. Ni 31. Sasa toa: 1, 2, 4, 8, 15. Toa tena: 1, 2, 4, 7. Tena: 1, 2, 3. Tena: 1, 1. Chini kabisa palikuwa na utaratibu, ila haukuwa ule wa kuzidisha kwa mbili.

Ukiwa na simu yenye intaneti, kuna mahali pa kupeleka safu iliyokushinda. Mwanahisabati N. J. A. Sloane alianza kukusanya mifuatano ya namba mwaka 1964 akiwa mwanafunzi, akachapisha kitabu chenye 2,372 mwaka 1973, na tangu 1996 mkusanyo huo uko kwenye mtandao kwa jina la OEIS, sasa ukiwa na zaidi ya 350,000. Andika 1, 1, 1, 2, 3, 4, 6, 9, 13 utaletewa ng'ombe wa Narayana, namba A000930, pamoja na kanuni yao. Kisha andika 1, 2, 4, 8, 16 uone ni majibu mangapi yanayojipanga kukudai. Ongeza 31 mwishoni, utafute upya, na kati ya yatakayobaki umo mduara wetu, A000127.